Safari Thelathini na Tisa, Ishirini, au Tano: Tiba ya Mionzi kwa Saratani ya Tezi Dume

(Hotuba iliyosomwa bwaloni, mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu, na wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita)



Kamati iliponiandikia kunitaka niseme machache, ilinipa uhuru wa kuchagua mada, mradi iwafae wazee na isiwalaze vijana usingizi. Nimechagua jambo ambalo sisi wanaume hatulisemi mezani, wala msikitini, wala kanisani, wala kwa wake zetu mpaka maji yamefika shingoni. Nimechagua saratani ya tezi dume, na ndani yake sehemu moja tu: je, mtu anayetibiwa kwa mionzi anahitaji kwenda hospitali mara thelathini na tisa, mara ishirini, au mara tano?

Mtauliza mimi ofisa mipango wa Serikali nimeingiaje katika mambo ya waganga. Jibu ni kwamba mganga huhesabu seli, na mimi huhesabu siku, mashine, nauli na vitanda. Katika suala hili hesabu hizo mbili zimekutana. Nami nimelisoma kwa bidii kuliko nilivyosoma Kemia hapa shuleni, jambo ambalo mwalimu wangu wa Kemia, aliyeketi pale mbele, ataafiki bila kusita.

Tezi dume ni kiungo chenye ukubwa wa kokwa la tunda, kilichokaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya mwisho wa utumbo mpana, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Naomba mkumbuke picha hiyo: kibofu juu, utumbo nyuma, mrija katikati. Hotuba yote hii inategemea mpangilio huo. Mwanaume akizeeka tezi huvimba, naye huanza kuamka usiku mara tatu na mkojo kutoka kwa kusuasua. Mara nyingi huo ni uvimbe wa uzee tu, sio saratani. Na saratani yenyewe ikiwa changa mara nyingi haitoi dalili yoyote. Ndiyo maana anayesubiri maumivu ili aende kupima anasubiri barua ambayo huletwa ikiwa imechelewa.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa PSA. Kikionyesha namba kubwa, daktari hufanya uchunguzi zaidi, na mwisho huchukua vinyama vidogo vya tezi kuvitazama kwa hadubini. Saratani ikikutwa bado imo ndani ya tezi, haijatoka kwenda kwenye mifupa, tunasema iko mahali pake. Ninayoyasema leo yanahusu saratani ya namna hiyo peke yake.

Hata hapo, si kila aliyekutwa nayo lazima atibiwe upesi. Waingereza walifanya utafiti mkubwa, ulioitwa ProtecT, wakawagawanya wanaume 1,643 kwa kura: wengine wafanyiwe upasuaji, wengine wapewe mionzi, wengine wafuatiliwe tu kwa vipimo. Matokeo ya baada ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama watatu katika kila mia, na tofauti baina ya makundi matatu ilikuwa ndogo mno. Waliofuatiliwa tu walipata zaidi kuenea kwa ugonjwa, na wengi wao hatimaye walitibiwa, lakini hawakufa zaidi. Basi mzee akiambiwa ana saratani ndogo, tulivu, ya ndani ya tezi, asikimbilie kuuza ng'ombe usiku huo huo. Ana muda wa kuuliza.

Sasa tuje kwa wale ambao daktari na mgonjwa wamekubaliana kwamba mionzi itumike.

Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, na waganga hawakukawia kuielekeza kwenye uvimbe. Waliunguza ngozi za watu vibaya. Katika miaka ya 1920 kule Paris, mtaalamu mmoja jina lake Claude Regaud alifanya majaribio kwa kondoo dume, na vijana naomba msicheke sana. Alitaka kumfanya kondoo awe tasa kwa mionzi. Alipompa dozi yote kwa mkupuo mmoja, ngozi ya mfuko wa korodani iliungua kabla kondoo hajawa tasa. Alipoigawanya dozi katika siku kadhaa, kondoo akawa tasa na ngozi ikapona. Akawaza kwamba korodani ni mfano wa saratani, maana seli zake hugawanyika upesi, na ngozi ni mfano wa tishu nzima. Mwenzake Henri Coutard akaitumia kanuni hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya koo, na kutoka hapo dunia nzima ikaamini kwamba mionzi igawanywe vipande vidogo vidogo kwa wiki nyingi.

Kwa tezi dume desturi ikawa hivi: kipimo cha mionzi huitwa grei, mgonjwa hupewa grei 2 kila siku, siku tano za wiki, mpaka zitimie 74 au 78. Grei 78 kwa grei 2 ni mikupuo 39. Karibu wiki nane. Kila mkupuo huchukua dakika chache mezani, lakini mtu lazima awe mjini wiki hizo zote.

Walikuwako waasi. Katika hospitali ya St Thomas', London, kuanzia miaka ya 1960 madaktari waliwatibu wanaume zaidi ya 200 kwa mikupuo 6 tu ya grei 6, jumla grei 36, katika wiki tatu. Kule Manchester nako walizoea mikupuo 16. Wakubwa wa taaluma walitikisa vichwa. Lakini wagonjwa wale hawakuonekana kufanya vibaya, na swali likabaki: mbona kanuni ya kondoo haikuwaumbua?

Hapa nawaomba vijana wa kidato cha nne mtoe kalamu, maana hesabu yake ni rahisi kuliko mnazofanyishwa.

Tishu za mwili hazifanani katika kuogopa mionzi. Kuna tishu, na saratani nyingi ni za jinsi hiyo, ambazo hazijali sana ukubwa wa mkupuo mmoja, zinajali jumla. Kuna nyingine ambazo mkupuo mkubwa huziumiza kuliko jumla inavyoonyesha. Wataalamu wameipa kila tishu namba ya tabia. Saratani nyingi zina namba kama 10. Utumbo wa nyuma una namba kama 3. Namba ikiwa ndogo, tishu inaogopa zaidi mikupuo mikubwa. Ukitaka kujua nguvu halisi ya tiba, chukua dozi ya mkupuo mmoja, uigawe kwa namba ya tabia, uongeze moja, kisha uzidishe kwa dozi yote.

Kwa saratani ya kawaida, yenye namba 10, mikupuo midogo ni akili: unailinda ngozi na utumbo, saratani haifaidiki. Lakini mwaka 1999 wataalamu wawili, Brenner na Hall, walitoa hoja kwamba saratani ya tezi dume ni kinyume cha nyingine. Inakua polepole, na namba yake ni kama 1.5, yaani chini hata ya ile ya utumbo. Ikiwa ni hivyo, mambo yanageuka juu chini. Mkupuo mkubwa unaiumiza saratani kuliko unavyouumiza utumbo.

Tufanye hesabu. Grei 78 kwa mikupuo ya 2: kwa saratani ya namba 1.5 nguvu yake ni 182. Kwa utumbo wa namba 3 ni 130. Sasa grei 60 kwa mikupuo 20 ya grei 3: kwa saratani ni 180, kwa utumbo ni 120. Saratani imepigwa karibu sawa, utumbo umepigwa pungufu kidogo, na mgonjwa amepunguziwa safari 19. Na grei 36.25 kwa mikupuo 5 ya grei 7.25: kwa saratani ni zaidi ya 211, kwa utumbo ni kama 124. Jumla ya grei imepungua chini ya nusu, na pigo juu ya saratani limezidi.

Karatasi huvumilia kila kitu, Ndugu Mwenyekiti. Sisi wa mipango tunalijua hilo kuliko watu wote. Kwa hiyo ilibidi wapimwe watu wa kweli, kwa miaka.

Utafiti wa kwanza mkubwa ninaoutaja uliitwa CHHiP. Uliandikisha wanaume 3,216 kati ya 2002 na 2011, wengi wao Uingereza, ukawagawanya kwa kura katika makundi matatu: mikupuo 37 yenye jumla ya grei 74, mikupuo 20 ya grei 60, na mikupuo 19 ya grei 57. Karibu wote walipewa pia dawa za kupunguza homoni kwa miezi michache. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miaka mitano, ambao ugonjwa haukuonyesha kurudi, si kwa kipimo cha damu wala kwa dalili, walikuwa asilimia 88.3 katika kundi la mikupuo 37, asilimia 90.6 katika kundi la 20, na asilimia 85.9 katika kundi la 19. Madhara ya muda mrefu hayakutofautiana sana.

Nawaomba mzitazame namba hizo mara ya pili. Baina ya kundi la 20 na la 19 kuna tofauti ya mkupuo mmoja tu, grei 3. Wa 20 walithibitishwa kuwa hawakushindwa na wa zamani. Wa 19 hawakuthibitishwa. Wenye kupenda kubana matumizi waliokuja mezani kwangu kwa miaka yote ya kazi hupenda kusema kwamba mkupuo mmoja ukiachwa hauna neno. Hapa tuna wanaume zaidi ya elfu mbili wa makundi hayo mawili wanaotuambia kuwa una neno. Kufupisha tiba ni kuipanga upya kwa hesabu, na ukishaipanga huruhusiwi kuidokoa. Uingereza ikaifanya mikupuo 20 kuwa tiba ya kawaida.

Waswidi na Wadenmark walikwenda mbali zaidi. Utafiti wao, HYPO-RT-PC, uliwachukua wanaume 1,200 wenye ugonjwa wa hatari ya kati na baadhi wa hatari kubwa, kati ya 2005 na 2015. Nusu walipewa mikupuo 39. Nusu walipewa mikupuo 7 ya grei 6.1, siku moja ndani siku moja nje, yote ikaisha katika wiki mbili na nusu. Mwaka 2019 walitangaza: baada ya miaka mitano, asilimia 84 kundi hili, asilimia 84 kundi lile. Waliopewa mikupuo 7 walisumbuka zaidi na haja mwanzoni, kisha tofauti ikapungua.

Halafu ukaja utafiti unaoitwa PACE, wa Uingereza, Ireland na Kanada, na sehemu yake iitwayo B ndiyo ninayotaka tukae nayo kidogo. Wanaume 874 waliandikishwa kati ya 2012 na 2018. Hawa walichaguliwa: saratani ndani ya tezi, ya hatari ndogo au ya kati, PSA isizidi 20, na hawakupewa dawa za homoni. Kundi moja lilipewa mikupuo 5 katika wiki moja au mbili. Lingine lilipewa mikupuo 39 au 20. Matokeo ya miaka mitano yalitoka mwezi Oktoba 2024: ambao ugonjwa haukurudi walikuwa asilimia 95.8 kwa mikupuo 5, na asilimia 94.6 kwa tiba ndefu. Kwa maneno ya sokoni, katika kila wanaume mia, karibu 96 kwa huku na 95 kwa kule.

Magazeti mengi yaliishia hapo. Mimi nimezoea kusoma jedwali mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu gharama huwa zimefichwa huko. Wanaume waliopata, wakati wowote katika miaka hiyo mitano, tabu ya mkojo ya kiasi cha kuhitaji dawa au zaidi walikuwa asilimia 26.9 kwa mikupuo 5, na asilimia 18.3 kwa tiba ndefu. Kwa utumbo hakukuwa na tofauti ya maana: 10.7 na 10.2. Namba hiyo ya mkojo inahesabu kila aliyewahi kusumbuka hata kama alipona baadaye, na madhara makali kabisa yalikuwa machache. Lakini wanaume tisa zaidi katika kila mia sio jambo la kupitia haraka.

Kwa nini mkojo na sio utumbo? Rudini kwenye ile picha niliyowaomba mkumbuke. Utumbo uko nyuma ya tezi. Mashine nzuri inaweza kuukwepa, ukaguswa ukingoni tu. Mrija wa mkojo unapita katikati ya tezi. Haukwepeki. Kila grei inayoipata tezi inaupata na mrija, nao unaonja mkupuo mkubwa wote. Hesabu yangu ya utumbo mwenye namba 3 ilikuwa nzuri kwa sababu utumbo haupati dozi kamili. Mrija haukuwa na bahati hiyo.

Kwa hiyo mzee ambaye tayari mkojo unamtesa, anayesimama chooni dakika tano akingoja, huenda mikupuo 5 isimfae, au itafaa atibiwe kwanza hiyo tabu. Mzee ambaye mkojo wake unakwenda vizuri, na nyumba yake iko mbali na hospitali, ana sababu nzuri ya kuitaka. Hayo ni maoni yangu, na daktari anaweza kuyapindua kwa vipimo.

Wengine mtauliza habari za upasuaji. Sehemu nyingine ya utafiti huo huo, A, ililinganisha mikupuo 5 na upasuaji kwa wanaume 123. Baada ya miaka miwili, nusu ya waliopasuliwa na kujibu swali walikuwa wakivaa pedi kwa sababu ya mkojo kuvuja, na kwa waliopigwa mionzi ni kama 6 au 7 katika mia. Nguvu za kiume nazo zilibaki zaidi kwa wa mionzi, ingawa utumbo uliwasumbua zaidi kidogo. Idadi ni ndogo; nimeitaja kwa sababu najua swali hilo limo vichwani na halitaulizwa kwa mdomo.

Sasa niseme juu ya mashine, maana hapo ndipo ilipo kazi yangu.

Mkupuo wa grei 2 ukikosa shabaha siku moja, umepoteza moja ya thelathini na tisa. Mkupuo wa grei 7.25 ukikosa, umepoteza moja ya tano, na umeipeleka mahali pasipostahili. Tezi haikai pale pale: utumbo ukijaa gesi husukumwa mbele, kibofu kikijaa hushuka. Ndiyo maana wagonjwa huambiwa wanywe maji kwa kiasi fulani na wasafishe utumbo kabla ya kulala mezani. Mahali pengi huingizwa vipande vidogo vya dhahabu ndani ya tezi, mfano wa punje za mchele, ili vionekane kwenye picha, na mashine hupiga picha kabla ya kila mkupuo kuhakikisha. Utafiti wa Los Angeles uitwao MIRAGE, wa wanaume 156, ulilinganisha kuelekeza mionzi kwa picha za sumaku na kuielekeza kwa picha za kawaida za eksirei. Tabu ya mkojo ya miezi ya mwanzo ilikuwa asilimia 24 kwa wa sumaku na asilimia 43 kwa wengine. Na Waholanzi na Wabelgiji, katika utafiti ulioitwa FLAME wa wanaume 571, walielekeza dozi ya ziada kwenye donge lenyewe linaloonekana kwenye picha badala ya kuiongeza tezi nzima. Matokeo ya mwaka 2021 yalikuwa asilimia 92 dhidi ya 85. Kulenga vizuri ni tiba yenyewe. Wiki zilizopungua ni faida inayofuata.

Mashine za zamani za kobalti hazifai kwa mikupuo 5. Chanzo chake hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, kama mlivyofundishwa kwenye Fizikia, na kingo za miale yake ni za ukungu mno kwa kazi ya kukwepa utumbo kwa milimita. Inatakiwa linaki, mashine inayozalisha mionzi kwa umeme, pamoja na picha, kompyuta za kupangia, na juu ya yote mafundi na wanafizikia wa tiba. Taasisi ya Saratani Ocean Road ilifungiwa linaki mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya kobalti peke yake. Wenzetu wa Uganda wanakumbuka mwaka 2016, mashine yao moja tu ya kobalti pale Mulago, iliyokuwako tangu 1995, ilipokufa. Nchi nzima ikakaa zaidi ya mwaka bila tiba ya mionzi. Nchi yenye mashine moja haina mashine.

Tufanye hesabu ya kipangaji. Tuseme mashine moja inatoa mikupuo 40 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki hamsini. Hiyo ni mikupuo 10,000 kwa mwaka. Ingekuwa ya tezi dume tu, kwa mikupuo 39 ingetibu wanaume 256. Kwa mikupuo 20, wanaume 500. Kwa mikupuo 5, mtu angesema 2,000, na hapo ndipo wengi hukosea, maana mkupuo mkubwa huchukua muda zaidi kwa ajili ya kulenga. Ukichukua muda mara mbili, wanabaki 1,000. Mara tatu, 666. Hata hiyo 666 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya 256. Na nafasi inayopatikana hawaichukui wanaume peke yao. Kwenye foleni ile ile wamekaa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambao kwetu ni wengi sana, na ambao kuchelewa kwao hakuvumiliki.

Mmoja wa walimu waliotufundisha hapa alitibiwa kwa ile ratiba ndefu. Ameniruhusu nilisimulie bila jina. Alitoka mkoani wakati wa palizi, akakaa kwa mpwa wake Mbagala, akalala sebuleni wiki nane. Kila asubuhi ya kazi alipanda daladala kwenda, akaketi foleni, akalala mezani dakika chache, akarudi. Aliniambia mionzi haikumuuma hata siku moja. Kilichomuuma ni kuwa mgeni kwa siku hamsini na tano. Mpwa hakumwambia neno baya, lakini mtu mzima huona sahani zikihesabiwa. Shamba lilimezwa na magugu. Katika wodi ya kungojea alifahamiana na mzee wa kutoka kusini ambaye wiki ya tano hakuonekana tena. Alikuwa ameishiwa nauli na pa kulala, akarudi kwao na tiba nusu. Mmesikia niliyosema juu ya mkupuo mmoja katika CHHiP. Huyu aliacha kumi na tano, pengine zaidi.

Ndiyo sababu ninashikilia kwamba kwetu sisi ratiba fupi ina haki kubwa kuliko hata huko ilikovumbuliwa. Mzee wa Stockholm akiambiwa aje mara 39 anapanda treni na kurudi kulala kwake. Kwetu urefu wa tiba ndio unaoamua nani atamaliza. Nikiulizwa tuanzie wapi, nasema tuanzie mikupuo 20, ambayo ina ushahidi wa muda mrefu na haidai mashine kuwa ya kisasa kupita kiasi; na mikupuo 5 ifanywe pale penye picha, wanafizikia na mafundi wa kutosha, kwa wagonjwa wanaofanana na wale wa PACE. Kuna jambo moja linanifanya nisiseme kwa sauti kubwa zaidi: wanaume wa tafiti hizi walikuwa kwa sehemu kubwa weupe wa Ulaya. Uingereza penyewe mwanaume mweusi ana nafasi moja kati ya nne ya kukutwa na saratani hii maishani, na kwa wanaume wote ni moja kati ya nane. Tunahitaji namba zetu, zilizopimwa kwa wanaume wetu, kwenye mashine zetu.

Na yote haya ni kwa aliyewahi. Katika nchi zetu wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshakwenda kwenye mifupa, wakija na maumivu ya mgongo waliyoyafikiri ni ya jembe. Kwa hao hakuna kubishana baina ya 39 na 5. Mlango huo umefungwa, wanabaki na tiba za kupunguza makali. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani, waliokuwa milioni 1.4 mwaka 2020, watafika milioni 2.9 ifikapo 2040, na ongezeko kubwa litakuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vijana mnaonisikiliza, mwaka 2040 baba zenu watakuwa na umri ule hasa.

Basi wenzangu mliofika hamsini, na mliofika arobaini na tano ikiwa baba au kaka aliugua, nendeni mkazungumze na daktari juu ya kipimo cha PSA, faida yake na mashaka yake. Ikitokea mkakutwa nayo, ulizeni iko wapi, ni ya hatari gani, na kama kufuatiliwa tu kunatosha. Mkiambiwa mionzi, ulizeni mikupuo mingapi na kwa nini sio michache zaidi. Ulizeni tezi itaonwaje kabla ya kila mkupuo. Mwambieni daktari bila haya jinsi mkojo unavyotoka sasa. Na ulizeni mtalala wapi, maana hilo halimo kwenye fomu ya hospitali. Nimemwomba Ndugu Mwenyekiti kwamba Chama kiandike orodha ya wenzetu wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na Moshi walio tayari kumpokea mwenzao mgonjwa kwa wiki nne. Daftari liko pale mlangoni, karibu na meza ya chai, na kurasa zake bado ni nyeupe. Nimeandika jina langu la kwanza.

Maswali nitayapokea sasa. Mwenye swali la faragha anikute nje chini ya mwembe.